Msimamizi wa mirathi akinyamaza, lifuate jalada

"Wakili, kaka yetu ndiye msimamizi wa mirathi ya baba. Tangu ateuliwe hapokei simu wala hajibu meseji. Tumpeleke polisi?"

Swali hili huniijia kila mara. Kabla ya polisi, nenda mahakama iliyomteua ukaombe kuona jalada la mirathi hiyo.

Wengi hudhani barua ya usimamizi imempa mali. Haikumpa. Anaishika kwa ajili ya warithi, na sheria imempangia muda. Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, lenye kanuni za mirathi za mahakama hizo, linamtaka ndani ya miezi 4 awasilishe Fomu Na. V, yenye mali na madeni yote ya marehemu. Hesabu, yaani maelezo ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa, huja kwa Fomu Na. VI. Mirathi ya Mahakama Kuu inafuata sheria ya usimamizi wa mirathi, Sura ya 352 ya sheria za Tanzania: orodha ya mali ndani ya miezi 6, hesabu ndani ya mwaka 1. Anaweza kuongezewa muda, ila lazima auombe.

Ukikuta jaladani hamna kitu, nafuu. Andika barua mahakama imwite ajieleze. Akikaidi, omba uteuzi wake utenguliwe. Kutowasilisha orodha au hesabu bila sababu ya msingi kunatosha.

Kinachonitisha mimi ni jalada lililonona. Fomu zimejazwa vizuri, nyumba ya Mbagala haionekani kwenye orodha, na saini yako ipo ilhali hujawahi kusaini chochote. (Hapo ndipo polisi wanapohusika.) Ukimya wa namna hii una haraka ndani yake: anataka mirathi ifungwe kabla hujashtuka. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba msimamizi akimaliza kazi na kuwasilisha hesabu, hakuna tena uteuzi wa kutengua. Kwa hiyo zipinge hesabu hizo mapema, kwa maandishi, mahakama ileile. Nyumba ikiwa na hati, weka zuio la kuuzwa kwake kwa Msajili wa Hati bila kusubiri kikao kingine cha ukoo. Vikao hivyo, kwa uzoefu wangu, humpa msimamizi muda wa kutafuta mnunuzi.

Nenda mahakamani na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza, maana ndimo jina lako kama mrithi lilimoandikwa. Kama huna namba ya shauri, mpe karani wa masijala jina kamili la marehemu na mwaka mirathi ilipofunguliwa.