Umeugua ukiwa likizo nyumbani? Bima ya afya ya Japani inaweza kukurudishia fedha

Ndugu zetu wengi wanaosoma au kufanya kazi Japani hulipia bima ya afya kila mwezi, lakini wakiugua wakiwa likizo Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, hulipa hospitali kwa fedha zao na kuzihesabu kuwa zimekwenda. Wanaamini bima ya Japani inakomea uwanja wa ndege wa Narita. Haikomei hapo. Upo utaratibu wa kurejeshewa gharama za matibabu ya nje, unaoitwa Kaigai Ryoyohi, na kwa wenye Bima ya Taifa ya Afya (Kokumin Kenko Hoken) umekuwepo tangu Januari 2001. Mtanzania au Mkenya mwenye bima hiyo ana haki sawasawa na Mjapani aliyevunjika mguu Paris.

Mgeni mwenye kibali cha kukaa zaidi ya miezi mitatu, mwanafunzi akiwemo, hutakiwa kujiunga na bima hiyo kwenye manispaa anayoishi, isipokuwa kama amekatiwa bima na mwajiri. Wa bima ya kazini nao wanao utaratibu huu, ila madai yao huenda kwenye mfuko wao.

Unalipa mwenyewe kwanza, bili nzima, kisha unadai ukisharudi. Usitegemee kurudishiwa yote. Wanaangalia ugonjwa huo ungetibiwa kwa kiasi gani Japani, wanalinganisha na ulicholipa, wanachukua kiasi kidogo kati ya hivyo viwili na kukata sehemu yako, ambayo kwa watu wazima wengi ni asilimia 30. Tuseme ulilipa shilingi zenye thamani ya yeni 60,000, na Japani matibabu hayo yangegharimu yeni 40,000: utapata yeni 28,000. Kama ulilipa yeni 20,000 tu, utapata 14,000, hata kama Japani yangekuwa ghali zaidi. Thamani ya fedha hupigwa kwa kiwango cha siku ya uamuzi wa malipo, si siku uliyolipa hospitali.

Sasa makaratasi, maana madai mengi hukwama hapa. Zipo fomu mbili kuu. Fomu A hujazwa na daktari aliyekutibu: ugonjwa, tarehe, matibabu aliyotoa. Fomu B ni mchanganuo wa gharama: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda. Matibabu ya meno yana fomu yake. Kila seti ni ya mgonjwa mmoja, hospitali moja na mwezi mmoja, na kulazwa hutenganishwa na matibabu ya kwenda na kurudi. Aliyelazwa kwa malaria tarehe 29 Julai na kuruhusiwa tarehe 3 Agosti anahitaji seti mbili. Hospitali haiwezi kulijua hilo; ni wewe wa kumwambia daktari, tena kabla hajaandika. Ndiyo maana nasisitiza: chukua fomu tupu manispaa, au zichapishe kutoka tovuti yake, uziweke kwenye begi pamoja na pasipoti kabla ya kuondoka.

Kwenye fomu hizo omba mambo yaandikwe kwa kirefu. Madaktari wetu wana mazoea ya vifupisho, na mtu anayekagua madai huko Japani hana namna ya kujua herufi nne zilizoandikwa kwa haraka ni kipimo gani. Omba pia jina la hospitali, anwani, simu, saini na muhuri. Manispaa itakutaka utie saini ridhaa ya wao kuwasiliana na hospitali moja kwa moja, na huwasiliana kweli, kwa sababu wameshakutana na stakabadhi za kughushi.

Risiti ziwe halisi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha fedha zimetoka kwenye simu yako, hauonyeshi zililipia nini, kwa hiyo dai risiti ya hospitali hata kama umelipa kwa simu. Kwa waliotibiwa Tanzania, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hufifia: ukiiacha kwenye pochi penye joto, baada ya wiki chache inabaki karatasi nyeupe. Itoe nakala siku hiyohiyo, na uitunze yenyewe pia. Dawa ulizojinunulia duka la dawa bila kuandikiwa na daktari hazilipwi.

Kila karatasi ya lugha ya kigeni huambatanishwa na tafsiri ya Kijapani yenye jina na anwani ya aliyetafsiri. Rafiki anayekijua Kijapani vizuri anatosha. Utaombwa pia nakala za pasipoti zinazoonyesha tarehe ulizotoka na kurudi Japani. Ukipita kwenye lango la kujihudumia pasipoti haigongwi muhuri, basi mwombe ofisa akugongee palepale.

Wapo wasiolipwa. Aliyesafiri kwa nia ya kwenda kutibiwa hapati kitu. Utaratibu huu ni wa ugonjwa au ajali iliyokukuta safarini. Matibabu ya urembo, chumba cha peke yako na nauli ya gari la wagonjwa havimo. Kujifungua kwa kawaida hakumo pia, ila mama asikate tamaa: kuna ruzuku ya uzazi, na aliyejifungulia nje ya Japani akiwa mwanachama anaweza kuiomba kwa utaratibu wake; kwake ni yeni 488,000 tangu Aprili 2023.

 

Muda wa kudai ni miaka miwili, kuanzia siku inayofuata ile uliyolipa. Fedha huingia kwenye akaunti ya benki iliyoko Japani, na kwa Bima ya Taifa mdai ni mkuu wa kaya. Usishangae jibu likichukua miezi.

Kama ulitibiwa mwaka jana na ukarudi bila fomu, bado una nafasi. Piga simu hospitali, uliza ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, uwape namba ya faili lako, kisha mtumie ndugu fomu hizo pamoja na barua yako ya kumruhusu azifuatilie kwa niaba yako.