Mbwa mpole anapolelewa kwa muda: kumfahamu kabla ya kumkabidhi

Kazi yangu ni kuchunguza tabia za mbwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwaandaa walezi wa muda, yaani watu wanaokubali kukaa na mbwa mzima mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Chakula na mahali pa kulala ni vya lazima, lakini mchango mkubwa zaidi wa mlezi ni taarifa za kweli, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mbwa huyo akiishi ndani ya nyumba kabla hajakabidhiwa kwa watu wengine.

Ndiyo maana nawasihi walezi wasiharakishe kumwita mbwa mpole. Mbwa aliyetoka kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa au mitaani anaweza kutulia tuli, akakubali kushikwa kila mahali na asibweke hata mara moja, nasi tukamsifu, kumbe hofu ndiyo iliyomfunga. Mtazame kwa makini: hujilamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa mkono unapomkaribia, na weupe wa jicho huchomoza pembeni kama mwezi mwandamo. Mbwa aliye mpole kweli hulegea mwili mzima na hukujia mwenyewe. Mpapase kifuani kwa sekunde 3, kisha uondoe mkono na usubiri. Akisogea karibu, anataka uendelee, na akibaki alivyo au akijitenga, mwache.

Waokoaji wengi wa mbwa hukadiria siku 3 za kupunguza hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba na miezi 3 ya kujiona yuko kwao. Ni makadirio tu, kwani kila mbwa ana mwendo wake, lakini yanafaa kwa kuwa yanamzuia mlezi kutoa hukumu mapema. Siku za mwanzo wageni wasije kumtazama, na apewe kona ambayo hakuna atakayemfuata. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10 ili asiharishe. Mtoe nje kila anapoamka na kila anapomaliza kula, maana huenda hajawahi kuishi ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa za minyoo na kupe, pamoja na suala la kuhasiwa, yapange mapema na daktari wa mifugo.

Jambo linalosahaulika sana ni kumzoesha kubaki peke yake. Mlezi mwenye huruma hukaa naye kutwa, kisha mbwa anahamia kwa watu wanaokwenda kazini asubuhi, naye analia na kukwaruza mlango mpaka anarudishwa. Anza kwa kutoka dakika chache, urudi kabla hajahangaika, kisha uongeze muda polepole.

Unapoandika maelezo yake, andika ulichokiona. Kusema kwamba anapenda watoto hakumsaidii mtu. Kusema kwamba mtoto wa miaka 6 alipopita akikimbia mbwa aliinuka akahamia nyuma ya kiti, kunamsaidia sana. Usifiche kasoro. Kama alinguruma alipokaribiwa akiwa na mfupa, liandike hilo, wala usimwadhibu, kwa kuwa mngurumo ni onyo, na mbwa aliyezuiwa kuonya anaweza kuuma bila dalili.

Wanaotaka kumchukua waje kwako zaidi ya mara moja, na wote watakaoishi naye wawepo. Mimi huwapa uzito zaidi wanaouliza anaogopa nini kuliko wanaouliza ana umri gani. Siku ya kuondoka mfungashie blanketi lake bila kulifua, chakula alichozoea na ratiba yake, na uwaambie wenyeji wake wapya wakupigie simu wakiona tabia ambayo hukuiandika.