Tarehe na tarakimu za Padshahnama

Ukiifungua Padshahnama, tarikhi rasmi ya Shah Jahan, mfalme wa Wamughal wa India, kwanza ujue ni nani anayekuandikia. Miaka 20 ya mwanzo ya utawala wake ni kazi ya Abdul Hamid Lahori, aliyefariki 1654. Iliyofuata ni ya mwanafunzi wake, Muhammad Waris. Kabla yao Muhammad Amin Qazvini alikwisha kuiandika miaka 10 ya kwanza, kwa hiyo muongo huo una matoleo mawili ya kiserikali. Mimi sinukuu moja bila kulitazama la pili.

Wengi hukwama kwenye kalenda. Akbar, babu yake Shah Jahan, alianzisha kalenda ya jua, Ilahi, lakini Lahori anahesabu kwa mwezi mwandamo. Shah Jahan alitawazwa Agra tarehe 8 Jumada al-Akhir 1037 Hijria (Februari 1628), ila mwaka wa utawala huanza tarehe 1 ya mwezi huo, ambao pwani tunauita Mfungo Tisa. Basi chukua namba ya mwaka wa utawala, ongeza 1036, upate mwaka wa Hijria unaoanzia. Mwaka wa 20 unaanza Mfungo Tisa 1056, yaani Julai 1646. Anayejumlisha 1628 na 19 anaangukia Februari 1647. Keshapotea miezi 7. Mtego wa pili: mwaka mmoja wa utawala hukalia miaka miwili ya Hijria, kwa hiyo tukio la Safar katika mwaka wa 20 ni la 1057, si 1056.

Tarakimu za fedha nazo zipimwe zenyewe kwa zenyewe. Kiti cha Tausi, kiti chake cha enzi cha dhahabu na vito, kilichozinduliwa mwaka wa 8 (Machi 1635) baada ya kazi ya miaka 7, Lahori anakitaja kuwa cha rupia karori 1, yaani laki 100. Laki hiihii tunayohesabia sokoni. Vito ni vya rupia laki 86. Dhahabu ni tola (kipimo cha uzito cha Kihindi) laki 1, zaidi ya kilo 1,100, yenye thamani ya rupia laki 14. Jumla inafunga, na tola moja inatoka rupia 14.

Tatizo ni watu kuandika kwamba mfalme "alitumia" karori nzima. Vile vito vilichaguliwa ghalani mwake, vilikuwamo tayari. Karori ni thamani ya kiti, na Lahori hasemi kwamba fedha hiyo yote ilitoka hazina.