Kwa nini ufuo wa Jinja una nyasi nyingi kuliko nyumba?

Ukiwa Main Street mjini Jinja, Uganda, ukayapita maduka ya vipuri, vinyozi na wakaanga roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai), kisha ukakata kushuka upande wa mto, mji unakatika ghafla. Maduka yanakwisha. Unakutana na uwanja wa gofu, miti mikubwa ya kivuli, na nyumba za zamani zenye mapaa ya vigae, kila moja ikiwa peke yake katikati ya kiwanja kipana. Ni mwendo mfupi tu, hata bodaboda huhitaji. Wageni wanaotutembelea huuliza swali lilelile: kule juu watu wamebanana, huku kwenye upepo wa Ziwa Victoria na Nile inayoanzia hapo hapo, mbona hakuna aliyejenga zaidi?

Jibu fupi ni wadudu wawili, mbung'o na mbu. Uzuri wa mahali hapa, ambao leo madalali wanautia kwenye bei ya kodi, ulianza kama hatua ya kujikinga na maradhi.

Ajabu ni kwamba Jinja yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya maji. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko ya hapa mwaka 1862 na kuyapa jina la Ripon, kana kwamba Wasoga waliokuwa wakivua samaki pale hawakuwa na jina lao. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu, na kuanzia hapo mzigo ukawa unavushwa ziwani kwa meli. Wakoloni waliona mahali hapa panafaa kwa gati, wakahamishia Jinja makao yao ya Busoga, eneo la Wasoga, kutoka Iganga. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli ndogo ya kwenda Namasagali, na pamba ya mikoa iliyozunguka Ziwa Kyoga ikawa inashushwa Namasagali, inapandishwa gari moshi hadi Jinja, inapakiwa melini kwenda Kisumu, kisha Mombasa. Mji wa namna hiyo kwa kawaida hujibana majini. Wachukuzi, wachuuzi na wenye maghala wote hutaka kuwa karibu na gati.

Lakini miaka hiyohiyo malale yalikuwa yanaua watu. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulifagia ufuo wa Busoga na Buganda, na katika miaka michache ukaua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 daktari David Bruce na wenzake, wakifanya kazi Entebbe, walionyesha kwamba vimelea vyake huenezwa na mbung'o. Sasa, mbung'o wa kando ya ziwa si kama yule wa mbuga za wanyama. Huyu hukaa kwenye vichaka vya ukingoni, penye kivuli na unyevu, na huwauma wale wanaokwenda majini: mvuvi, mwanamke anayeteka maji, mtoto anayeoga. Ukikata vichaka, jua likapiga ardhi, hana tena pa kukaa.

Ndipo zikaja hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kikatili. Kuanzia mwaka 1906 Hesketh Bell, mkuu wa serikali ya kikoloni, aliamuru wakazi wa ufuo waondoke, wahamie yapata maili 2 kutoka majini. Vijiji vilivyokuwa vikiishi kwa samaki na ndizi kwa vizazi na vizazi vikabaki mahame. Ya pili ilikuwa kufyeka: kwenye bandari na mialo iliyoruhusiwa kuendelea, vichaka vilikatwa na ardhi ikaachwa wazi. Kwa hiyo ukisikia mtu anazisifu nyasi za ufuo wa Uganda kama upenzi wa Waingereza kwa bustani, mwambie sehemu kubwa ya habari hiyo ilikuwa kazi ya panga na amri. Bustani ilifuata baadaye.

Mbu naye akaleta mipaka ya aina nyingine. Baada ya daktari Ronald Ross kuthibitisha mwaka 1897 kwamba malaria hupitia kwa mbu, madaktari wa serikali za kikoloni walijenga hoja hii: mbu haruki mbali, na vimelea vimejaa zaidi kwenye damu ya watoto wa Kiafrika, basi Mzungu akilala mbali na nyumba za Waafrika atakuwa salama. Profesa Simpson, mtaalamu Mwingereza wa afya ya jamii, alizunguka Afrika Mashariki miaka ya 1913 na 1914 kukagua afya ya miji, akapendekeza kila mji ugawanywe kwa rangi za watu, na kati ya sehemu na sehemu uachwe ukanda mtupu usio na makazi. Hebu fikiria ni kitu gani kinachoweza kujaza ukanda huo bila kuwa na nyumba, nyasi zake zikatwe fupi mwaka mzima, na watu wakubali kulipia ukataji huo. Uwanja wa gofu. Kampala unao, katikati ya vilima vya Kololo na Nakasero. Jinja unao, kati ya maduka na maji.

Ndiyo maana mji wa kale una sura tatu zisizofanana hata kidogo. Maofisa walipata upande wa mto na ziwa, na barabara za kupinda kama Nile Crescent. Wahindi walipangiwa eneo la biashara, barabara zimenyooka kama mistari ya daftari: Main Street, Iganga Road, Lubas Road. Simama mbele ya moja ya majengo hayo, uangalie juu ya baraza. Utaona uso wa saruji uliofinyangwa maua na nguzo, na pengine jina la ukoo na mwaka wa ujenzi vimechongwa kwenye paji. Chini lilikuwa duka, familia ikiishi nyuma au ghorofani. Waafrika hawakupangiwa chochote cha maana hadi viwanda vilipohitaji mikono. Hapo ndipo serikali ilipojenga Walukuba, mashariki ya mji, nyumba ndogondogo za mistari kwa ajili ya wafanyakazi. Walukuba nayo iko jirani na ziwa, na watu wake walitoka kila upande, Waluo na Wakenya wengine wakiwemo, ndiyo sababu mpaka leo Kiswahili hakikutupi ukiwa huko.

Hoja yenyewe ya madaktari, kwa kweli, ilikuwa inavuja. Mbu wa malaria anaweza kuruka kilomita nzima na zaidi, akiupita uwanja wa gofu bila kulipa kiingilio. Halafu maofisa walewale waliokimbia mbu wa Waafrika walikuwa na mpishi, yaya na mtunza bustani, na hao walilala palepale uani, kwenye vyumba vya nyuma ya nyumba kubwa. Vyumba hivyo bado vipo, na bado tunaviita boizi kota. Leo mwalimu au nesi anayefanya kazi mjini anaweza kupanga kota ya nyuma kwa kodi anayoimudu, huku nyumba kubwa imegeuzwa hoteli ndogo au ofisi ya shirika. Kwa maoni yangu aliyepanga kota ndiye aliyepata dili: upepo ni uleule na mti wa mwembe ni uleule.

Lakini kwa nini nafasi hizo hazikujazwa baadaye? Reli ilivuka daraja la Nile kwenda Kampala mwaka 1931, na gati la Jinja likapungua umuhimu. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, lilileta umeme na viwanda, navyo vikavuta watu upande wa mashariki, si huku. Kisha ikaja 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na nyumba zao zikaangukia mikononi mwa wale tuliowaita mafuta mingi, yaani matajiri wapya wa enzi ya Amin, au zikawekwa chini ya bodi ya serikali. Miaka ya 1990 wenyewe wakaanza kurudi kudai. Mtu asiyejua kama nyumba itabaki yake mwaka ujao haiongezi ghorofa, wala haibomoi. Nadhani kesi na wasiwasi vimehifadhi mji wa kale wa Jinja kuliko sheria yoyote ya makumbusho.

Kuna mkazi mmoja aliyefaidika na nyasi kuliko wote: kiboko. Mchana yumo majini, usiku anapanda kula, na anaweza kumaliza kilo 40 za majani kabla hakujapambazuka. Kiboko anapenda nyasi fupi na changa, yaani zilezile za uwanja wa gofu. Wachezaji wa Jinja hata wana kanuni yao mashuhuri kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuokota bila kuadhibiwa. Inachekesha mchana. Usiku, mkazi wa huku hatembei ovyo kwa miguu karibu na maji, maana kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi ziwani hana mzaha.

Jambo la mwisho linahusu maji yenyewe, na hili ndilo wapangaji wapya hulisahau. Zamani miamba ya Ripon ndiyo iliyokuwa mlango wa ziwa, ikiamua maji kiasi gani yatoke. Wakati wa kujenga bwawa miamba hiyo ilipunguzwa na maporomoko yakazama, na tangu hapo mlango ni bwawa. Hata hivyo mvua ndiyo mwenye ziwa. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka mpaka mawe ya ufuoni yakakauka. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja tu juu ya rekodi ya 1964, na mialo na majengo ya chini yakaingiliwa na maji. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 200 za ufuo wa Ziwa Victoria ziachwe bila kujengwa. Zilikuta mengi yameshajengwa, lakini kwa anayetaka kuongeza nyumba leo ndizo zinazomzuia.

Kwa hiyo kabla hujalipa kodi ya miezi mitatu huku chini, usimuulize dalali. Mtafute mzee mwenye duka jirani, umsalimie vizuri, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2020 na viboko hupandia wapi.