Muziki masikioni haukingi kelele za mashine

Mafundi wengi wa mbao hapa Lamu, wanaochonga milango nyumbani kwao, huamini kuwa ukivaa vipokea sauti vya masikioni na kufungulia taarabu, kelele za mashine hazikudhuru. Kwa patasi na nyundo ya mbao, hakuna neno, sikiliza kwa sauti ya kiasi. Lakini ukiwasha randa ya umeme, mkono wenyewe huenda kuongeza sauti ili muziki uishinde mashine, na sikio hubeba zote mbili. Kikomo cha usalama kinachotajwa sana ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8 kwa siku. Zikiongezeka 3 tu, muda huo hupungua nusu.

Jipime: vua vipokea sauti, mashine ikinguruma, zungumza na mwenzako aliye umbali wa mkono. Mkilazimika kupiga kelele, tafuta vizibo vya masikio. Na masikio yakivuma usiku, huenda mchana ulizidisha.