Mashine za mbali, ajira za karibu: mkonge wa Tanga unatufundisha nini kuhusu teknolojia

Katika mafunzo tunayoyaendesha kwa wafanyakazi na kwa vijana wa vyuo vya ufundi juu ya teknolojia na ajira, swali la kwanza huwa ni lile lile: mashine hii mpya itaondoa watu wangapi hapa kazini? Ni swali la haki, kwa kuwa anayeuliza ana watoto wa kulisha, lakini ndani yake mna dhana kwamba teknolojia hubadilisha kazi kwa kuingia getini, ikafungwa sakafuni na kuwashwa mbele ya macho ya watu. Mara nyingi haiwi hivyo. Mashine inayoamua hatima ya kazi yako huenda imefungwa katika kiwanda cha watu wengine, wa nchi nyingine na wa sekta nyingine kabisa, na wewe usiijue hadi siku mnunuzi anapoacha kupiga simu. Sijui mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mkonge wa Tanga.

Mkonge si mmea wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na baada ya safari ndefu kupitia Hamburg ni miche 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kilichomfanya asumbukie mmea wenye miiba usioliwa ni mashine iliyokuwa ikifanya kazi katika mashamba ya ngano ya Marekani. Wakulima wa huko walikuwa na mashine ya kuvuna inayokata ngano na kuifunga miganda yenyewe. Awali ilifunga kwa waya, na vipande vya waya vikawa balaa, kwani viliingia katika chakula cha ng'ombe na katika mashine za kusaga unga. Mwishoni mwa miaka ya 1870 John Appleby akafanikisha kifaa cha chuma kinachofunga fundo la kamba chenyewe. Fundo hilo dogo, linalojirudia kwa kila mganda katika kila ekari, likazaa mahitaji makubwa ya kamba nyembamba, imara na ya bei nafuu, ambayo wakati huo ilitegemea kwa sehemu kubwa nyuzi za heneken, ndugu wa mkonge, kutoka Yucatan, Mexico. Hindorf alitaka Ujerumani nayo iwe na chanzo chake. Kwa hiyo, hata kabla shamba la kwanza la Tanga halijasafishwa, mwajiri wake halisi alikuwa ni fundo.

Sasa tuingie kiwandani, yaani korona, jina ambalo wakazi wa Tanga, Muheza na Korogwe hawahitaji kuelezwa na ambalo asili yake ni jina la kibiashara la mashine za Kijerumani za kusinga mkonge, yaani kuyakwangua majani ili zibaki nyuzi zake, singa. Majani mabichi hupangwa mkandani yakiwa yamelala kwa upana, yakabanwa katikati na kupelekwa kwenye ngoma kubwa inayozunguka ikiwa na visu butu. Ngoma hiyo hukwangua nyama ya jani ya upande mmoja huku maji yakimwagika bila kukoma, kisha jani hushikwa upande uliokwisha singwa na ngoma ya pili ikamalizia uliobaki. Kinachotoka ni shungi la singa zenye unyevu, za rangi ya kijani iliyopauka, na kando yake mto wa makapi wenye harufu kali isiyosahaulika. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu hazizidi sana kilo nne. Mashine ya namna hiyo hufanya kwa saa moja kazi ambayo kundi kubwa la watu wenye vibao vya kukwangulia lisingeimaliza kwa siku nyingi.

Kwa hesabu ya swali letu la mwanzo, korona ilipaswa kupunguza watu. Ikafanya kinyume chake. Mashine ilipanua hatua moja ya uzalishaji, na msongamano ukahamia hatua iliyotangulia, kwa sababu jani la mkonge halikupata mashine ya kulikata, na hadi leo hukatwa kwa kisu na mkono wa mtu. Tena jani likikaa siku mbili tatu bila kusingwa hukauka na kuharibika, kwa hiyo wakataji walipaswa kwenda kwa mwendo wa korona, kila siku, masika na kiangazi. Wakakata, wakaondoa miiba ya ncha, wakafunga mafungu ya majani 30, wakayabeba hadi kwenye reli nyembamba ya troli. Ili kuishibisha mashine hiyo watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuandikisha vibarua, SILABU, na kila aliyeandikishwa alipewa namba; ni kutokana na namba za namna hiyo Kiswahili kilipata neno manamba. Malipo yalihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Katika miaka ya 1950 sekta hii ilikuwa na vibarua zaidi ya 100,000.

Hii ni hoja ninayoisisitiza kila mara kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mashine mpya inapotangazwa, tusiishie kuuliza inaondoa nani, bali tuangalie hatua ipi ya kazi inaharakishwa na hatua ipi, kabla au baada yake, italazimika kukimbia ili isiachwe. Huko ndiko ajira zitakakoongezeka, na huko huko ndiko mwili wa mfanyakazi utakakoumia. Katika mkonge waliobebeshwa mzigo walikuwa wakataji waliotangulia mashine, pamoja na watu wa brashi walioifuata, ambao wengi wao wakawa wanawake, wakisafisha singa kavu katika chumba chenye vumbi linaloshambulia kifua. Wakati huohuo zilizaliwa kazi ambazo hazikuwapo, za mafundi mitambo, madereva wa troli na wapanga madaraja ya singa, nazo zililipa vizuri zaidi, ingawa zilikuwa chache.

Turudi kwenye fundo. Huko Marekani mashine ya kufunga miganda ilipitwa na kombaini, inayokata na kupura ngano kwa mkupuo mmoja na ambayo haina haja ya kamba yoyote. Hilo peke yake lingetosha kuiangusha Tanga kama isingetokea mashine nyingine, ya kufunga nyasi kavu za mifugo marobota, ambayo ilihitaji kamba nene zaidi. Mkonge ukapona kwa bahati, pasipo mtu wa Korogwe kufanya lolote tofauti na alilolifanya jana yake. Mwaka 1964, Tanganyika ikiwa ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, uzalishaji ulifikia tani 230,000 hivi.

Lakini miaka kumi kabla ya kilele hicho, mwaka 1954, Giulio Natta na wenzake nchini Italia walikuwa wamefanikiwa kutengeneza polipropilini, plastiki inayoweza kuvutwa ikawa uzi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 kamba ya plastiki ilikuwa tayari shambani kwa mfugaji wa Ulaya na Marekani. Ilikuwa nyepesi, haikuoza, na bei yake haikutegemea mvua wala wakataji. Bei ya singa ikaporomoka, na uzalishaji wa Tanzania ukashuka mwaka hadi mwaka, hadi kufikia karibu tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wapo wanaoulaumu utaifishaji wa mashamba uliofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, na wapo wanaoilaumu plastiki peke yake. Kwa maoni yangu, wote wawili wanachukua nusu ya hadithi. Plastiki iliipiga dunia nzima ya mkonge, ila Brazil na mashamba ya Kenya huko Vipingo na Taita Taveta hayakuanguka kwa kiasi kile, jambo linaloonyesha kuwa uendeshaji nao ulikuwa na sehemu yake. Hata hivyo hakuna meneja, wa umma au wa binafsi, ambaye angeirudisha bei ya juu ya mwaka 1951 katika soko lililokwisha kupata kamba isiyooza.

Linganisha na Kericho, Kenya, ambako mwezi Mei mwaka 2023 mashine za kuvunia chai zilichomwa moto katika maandamano ya watu waliokosa kazi ya kuchuma. Sitetei uchomaji wa mali. Nataka tu msomaji aone kwamba huko mashine ilionekana kwa macho, ilikuwa shambani, ina mwenyewe, na kwa hiyo mgogoro ulikuwa na mahali pa kujadiliwa: mezani, mahakamani, katika mkataba wa hiari kati ya wafanyakazi na mwajiri. Mkata mkonge wa Tanga hakuwa na cha kuandamania. Mashine iliyomwondoa ilikuwa ikiyeyusha chembe za plastiki katika nchi asiyoijua, na ujumbe wake ulimfikia kwa sura ya kupunguzwa kwa siku za kazi. Na plastiki hiyo hiyo haikukomea kwenye kamba. Gunia la nyuzi lilipokonywa mazao na mfuko wa salfeti, ambao leo ndio unaobeba mahindi, mkaa na sukari kutoka Sumbawanga hadi Mombasa.

Kwa sasa mkonge unapandwa tena, safari hii na wakulima wadogo, kandokando ya reli ya zamani na katika mikoa ambayo haikuwa na historia nao. Yako mambo ya kutia moyo. Aina chotara 11648, iliyozalishwa na watafiti wa kituo cha Mlingano, Ngomeni, hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida, kiasi kwamba China iliichukua ikaifanya aina yake kuu, na bado hununua singa zetu. Huko Hale, makapi ambayo zamani yalimwagwa mtoni yalionyeshwa kuwa yanaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Pamoja na hayo mkulima anayeshawishiwa kupanda anapaswa kuyapima mambo mawili.

La kwanza ni muda. Mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kutoa majani kwa miaka mingi kabla ya kutoa mlingoti wa maua na kufa. Uamuzi wa leo unamfunga mkulima kwa muongo mzima au zaidi, ilhali mnunuzi anaweza kubadilisha malighafi yake kwa msimu mmoja.

La pili ni usalama, na hapa naomba niwe mkali kidogo. Kwa kuwa korona kubwa ni ghali na iko mbali, mashine ndogo za kusinga zinazoweza kuvutwa hadi shambani zinapigiwa debe sana. Zinapunguza gharama ya kusafirisha kilo 96 za makapi ili kupata kilo nne za mali, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini katika nyingi ya mashine hizo mtu hulisha jani kwa mkono wake, akilishika ncha moja huku nyingine ikipigwa na ngoma, kisha hulivuta na kuligeuza. Huko Bahia, Brazil, mashine za jamii hii zimewakata watu vidole na mikono kwa miaka mingi. Ushirika unaonunua mashine uulize kwanza kama mdomo wake una kinga, kama swichi ya kuizima inafikiwa na mtu ambaye mkono wake mmoja umekwama, na nani atamlipa fidia mkulima ambaye kisheria si mwajiriwa wa mtu yeyote. Muuzaji asiyeweza kujibu mawili ya kwanza, ushirika umwache aende zake.

Soko nalo limehama. Singa sasa zinakwenda zaidi kwenye mazulia, vitambaa vya kung'arishia vyuma na, kwa kiasi ambacho wengi hawakijui, kwenye ujenzi, na Saudi Arabia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kwa sababu hiyo. Ukitaka kuliona hili kwa karibu, ingia karakana yoyote ya dari za jipsamu jijini Dar es Salaam. Nilisimama katika moja nikamtazama fundi akimimina uji mweupe katika kalibu ya urembo wa ukutani, akanyofoa shungi la katani, yaani singa za mkonge, kutoka kwenye salfeti miguuni pake, akalitandaza kwa vidole kama anayepaka siagi, akamimina tena juu yake. Bila katani, alinieleza, kipande kinavunjika kabla hakijafika juu ya ngazi. Nyuma yake, ukutani, zilikuwa zimeegemezwa bodi bapa za dari kutoka kiwandani, zilizofunikwa karatasi pande zote mbili, na ndani yake hamkuwa na unyuzi hata mmoja wa mkonge.