Kitanda cha Daijosai hakilaliwi

Tangu Orikuchi Shinobu, mtaalamu wa mila za Kijapani, atoe dhana yake mwaka 1928, wengi wameamini kwamba usiku wa Daijosai, ibada ya kutoa mavuno baada ya kutawazwa, mfalme mpya wa Japani hulala kwenye kitanda kitakatifu na kuinuka akiwa mungu. Sivyo. Kitanda kipo kweli, tena katikati ya chumba, ila ni cha mungu; mfalme hakigusi. Yeye huketi kwenye mkeka wake kando, uso ukielekea upande wa Ise, lilipo hekalu la mungu wa kike wa jua, na kwa vijiti hupakua wali, samaki na matunda kwenye sahani za majani, kisha husoma dua, ndipo naye hula kidogo. Ni kazi ya saa kadhaa, na hurudiwa: jioni katika jengo la Yukiden, usiku wa manane katika jengo la Sukiden. Mwaka 2019 Mfalme Naruhito alitoa mchele wa Tochigi na Kyoto.